Kampuni kubwa ya teknolojia hubadilisha jina kwa nini? Tuanze na Facebook kuitwa Meta

#1 Mama Simu Nax
Hamjambo wadau. Nina kibanda cha simu hapa Nakuru, karibu na stendi ya matatu. Jana asubuhi alikuja shosho mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, simu ameifunga kwenye leso kama mtu aliyebeba kitu kilichokufa. Akaniambia kuna watu wameingia ndani ya simu yake. Kumbe kila akifungua WhatsApp anaona chini kabisa pameandikwa Meta, na yeye hajui mtu wala kampuni ya jina hilo. Alikuwa ameshamwambia mwanawe asimtumie kitu kwa laini ile mpaka mambo yajulikane.

Nikamweleza kwamba hao ni Facebook, ndio wenye WhatsApp tangu 2014. Akanyamaza, halafu akauliza: "Kama ni wale wale, jina walibadilisha la nini?" Nikakosa jibu. Huku kwetu mtu hubadilisha jina akibatizwa, akiolewa, au akitoroka deni. Kampuni yenye pesa kiasi kile, jina linajulikana mpaka kijijini, inaliweka kando kwa nini? Nataka jibu la kumpelekea shosho.

#2 Jicho la Menengai
La tatu ndilo jibu, wanatoroka. Tazama tarehe zenyewe. Septemba 2021 gazeti la Wall Street Journal linaanza kuchapisha nyaraka za ndani za Facebook. Mapema Oktoba, Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wao, anajitokeza kwenye televisheni, kisha anatoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani. Katikati ya hayo, tarehe 4 Oktoba, Facebook, WhatsApp na Instagram zinazimika dunia nzima kwa muda wa karibu saa sita. Tarehe 28 Oktoba tunaambiwa kampuni sasa ni Meta. Mwezi haukuisha.

#3 Hisa Tulivu
Jicho, tarehe zako ni sahihi, lakini unaunganisha vitu kwa sababu vimekaa karibu. Jina la kampuni ya ukubwa ule halitafutwi kwa wiki tatu. Kuna alama za biashara za kusajili nchi nyingi, anwani za intaneti, nembo, mikataba. Na Julai ile ile, kabla ya nyaraka kutoka, Mark Zuckerberg, bosi wa Facebook, alikuwa akisema hadharani kwamba anataka kampuni yake ijulikane kwa metavasi, yaani ulimwengu wa kidijitali ambao mtu anauingia kwa miwani maalum. Ile kampuni ya miwani ya kuvaa kichwani, Oculus, waliinunua 2014.

Mimi naiona hivi. Facebook ni mpangaji. Inaishi ndani ya simu, na simu ni nyumba za Apple na Google. Aprili 2021 Apple iliweka sharti kwamba programu iombe ruhusa kabla ya kufuatilia mtumiaji kwenye programu nyingine. Watu wengi wakakataa. Februari 2022 Facebook wenyewe wakakadiria kwamba sharti hilo lingewapunguzia mapato ya dola bilioni 10 hivi mwaka huo. Mwenye nyumba akibadilisha kufuli, mpangaji mwenye pesa anaanza kutafuta kiwanja chake. Metavasi ilikuwa kiwanja, na Meta ni jina la kwenye hatimiliki.

#4 Jicho la Menengai
Nyumba ya kujenga nakubali. Lakini kwa nini kuhamia usiku, majirani wakiwa nje na mienge?

#5 Gor Damu
Hahaha, mienge! Hisa Tulivu, jibu hilo kwanza.

#6 Wakili wa Milimani
Salamu. Naona neno "kutoroka" linatumika kama vile jina jipya linafuta kesi. Halifuti. Hapa Kenya, chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015, kampuni hubadilisha jina kwa azimio maalum la wanahisa, na Msajili hutoa cheti cha jina jipya. Madeni, mikataba na kesi zinabaki pale pale, kama vile dada yako akiolewa na kubadilisha kitambulisho bado ana mkopo wake wa chama.

Mfano uko karibu. Mei 2022 aliyekuwa mkaguzi wa maudhui ya Facebook Nairobi alifungua kesi katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi dhidi ya Meta na Sama, kampuni iliyokuwa ikifanya kazi hiyo kwa niaba yake. Meta walileta hoja kwamba wao si wakazi wa Kenya na mahakama haina mamlaka juu yao. Februari 2023 mahakama ikakataa hoja hiyo. Suala la jina halikumsaidia mtu yeyote.

Na tutenganishe mambo matatu ambayo magazeti yanayaita jina moja, "kubadilisha jina". Facebook, Inc. ikawa Meta Platforms, Inc., mtu yule yule wa kisheria. Google hali ni tofauti: 2015 iliundwa Alphabet juu yake, Google ikawa kampuni tanzu. Twitter, Inc. ni hadithi nyingine kabisa, 2023 iliunganishwa ndani ya X Corp. na ikaacha kuwepo kama kampuni. Mmoja kabadilisha jina, mmoja kazaliwa mzazi wake baada yake, mmoja kamezwa.

#7 Mama Simu Nax
Asante wakili. "Kazaliwa mzazi wake baada yake", hilo nitalitumia. Lakini Google waliitaka Alphabet ya nini?

#8 Kijana wa Seva
Alphabet ilinunua Google, si ndiyo? Ilikuwa kampuni kubwa zaidi.

#9 Hisa Tulivu
Hapana ndugu, rudi kwa wakili hapo #6. Larry Page, mmoja wa waanzilishi wa Google, alitangaza Agosti 2015 na Oktoba ikakamilika. Google wenyewe ndio waliiunda. Sababu yake ni hesabu. Ndani ya Google kulikuwa na utafutaji na matangazo, vinavyoleta pesa, halafu magari yanayojiendesha, utafiti wa afya na miradi mingine inayokula pesa. Wawekezaji walikuwa wanaona chungu kimoja tu, hawajui nyama ni kiasi gani na maji ni kiasi gani. Baada ya Alphabet, hesabu za Google zikaanza kusomwa peke yake na zile za miradi mingine peke yake. Sundar Pichai akapewa Google, Page na mwanzilishi mwenzake Sergey Brin wakapanda juu, Alphabet. Na angalia, mtu wa kawaida hakuguswa. Hakuna shosho aliyefungua simu akakuta neno Alphabet.

#10 Mwalimu Kakamega
Mulembe wote. Jambo ambalo hamjaligusa ni kwamba jina lina wenyewe wawili. Kuna mwenye cheti na kuna mwenye mdomo. Nenda Kisumu, panda boda, sema unapelekwa Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Jaramogi Oginga Odinga. Atakuuliza, "Russia?" Ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, ikaitwa rasmi New Nyanza, ikabadilishwa tena, na Umoja wa Kisovieti wenyewe ukavunjika 1991. Russia ya Kisumu bado ipo.

#11 Gor Damu
Mwalimu umesema kweli tupu. Mimi nilizaliwa Russia na sijawahi kupanda ndege.

#12 NyarDunga
Na Kisumu yenyewe iliwahi kuitwa Port Florence, reli ilipofika 1901. Florence alikuwa mke wa mhandisi Preston. Leo ukisema Port Florence watu wanafikiria shule au hospitali. Jina la bibi wa mhandisi halikushinda jina la watu waliokuwa wakija pale kubadilishana chakula.

#13 Fundi Brashi
Wakubwa, nimesoma wote. Mimi kazi yangu ni kuandika mabango na kupiga rangi vibanda, Kondele mpaka Ahero, kwa hiyo majina ya kampuni nimeyashika kwa mkono.

2004 nilikuwa kijana wa kubeba ndoo kwa mjomba wangu. KenCell wakawa Celtel, tukapiga rangi. 2008 Celtel wakawa Zain, mjomba hayupo, nikapiga mwenyewe. 2010 Zain wakawa Airtel, nikarudi kwenye kuta zile zile. Kuna ukuta mmoja karibu na soko la Kibuye nimeuandika majina matatu ya kampuni moja. Ukikwaruza kwa msumari unayapata yote, moja juu ya jingine, kama maganda ya kitunguu.

Nilichokiona ni hiki. Mwenye kibanda hakujali. Wateja walikuja mwaka mzima wakiomba "kadi ya Celtel" chini ya bango la Zain. Lakini siku ya rangi mpya watu walisimama. Hata mtu ambaye amepita hapo miaka mitano bila kugeuka alisimama, akauliza, "Ni nini mpya? Bei imeshuka?" Ile kusimama ndiyo walikuwa wakiinunua. Rangi ni nafuu kuliko kumfanya mtu asimame kwa njia nyingine.

#14 Jicho la Menengai
Fundi, Wahindi wa Zain walikulipa vizuri lakini?

#15 Hisa Tulivu
Zain si Wahindi. Ni kampuni ya Kuwait, na yenyewe ilikuwa inaitwa MTC kabla ya 2007. Wahindi ni Bharti Airtel, walionunua biashara ya Zain Afrika mwaka 2010 kwa dola bilioni 10.7. Na suala la bei, fundi ana kumbukumbu nzuri: Agosti 2010 Zain walishusha simu hadi shilingi 3 kwa dakika, wakati jina jipya lilikuwa halijafika. Airtel walikuta vita vimeshaanza.

Lakini mifano hii ya fundi inanisaidia kwenye jambo moja. Hapo jina lilibadilika kwa sababu mwenye mali alibadilika. Jina la Zain lilikuwa la Wakuwait na wakaondoka nalo. Telkom pia: walivaa jina la Orange 2008 Wafaransa walipoingia, Wafaransa wakauza, na 2017 wakarudi Telkom. Barclays hapa Kenya ikawa Absa Februari 2020 kwa sababu Barclays ya Uingereza ilishauza sehemu kubwa ya biashara yake ya Afrika na ruhusa ya kutumia jina ilikuwa na mwisho. Facebook haikuuzwa. Zuckerberg alikuwa pale kabla na yupo pale baada. Kwa hiyo maelezo ya Airtel hayafungui kufuli la Meta.

#16 Kijana wa Seva
Yanafungua la X lakini. Elon Musk alinunua Twitter Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, na Julai 2023 ikawa X.

#17 Wakili wa Milimani
Kwa Musk hakukuwa na ruhusa ya jina iliyokwisha. Alilinunua pamoja na kampuni. Angeweza kulitumia mpaka kufa.

#18 Kijana wa Seva
Basi ni mapenzi. 1999 alianzisha benki ya mtandaoni iliyoitwa X.com, ikaungana na kampuni nyingine, ikaja kuwa PayPal. Baadaye alilinunua tena lile jina la X.com. Mtu amebeba herufi moja zaidi ya miaka ishirini akitafuta pa kuibandika. Sioni hesabu hapo, naona mtu na kidonda chake.

#19 Mama Simu Nax
Kijana, hilo nalielewa kuliko yote mliyosema. Marehemu baba alikuwa na jina alilotaka kumpa mtoto. Alipata wavulana watano, wote wakapewa majina ya ukoo. Mwishowe akampa ng'ombe.

#20 Gor Damu
Ng'ombe aliitwa nani? Usituache hapo.

#21 Mama Simu Nax
Churchill. Turudi kwenye mada.

#22 Flamingo wa Section 58
Mada ya Nakuru mmeisahau na uzi umefunguliwa na mtu wa Nakuru. Chukueni supamaketi zetu: Nakumatt ilitokana na Nakuru Mattresses. Naivas ilianza Rongai kama Rongai Self Service, ikaja kuwa Naivasha Self Service, ikafupishwa 2007. Hata Tuskys karatasi zake zilisema Tusker Mattresses. Hizi hazikutoroka kitu. Biashara ilipanuka, jina likabana. Huwezi kuuza unga, televisheni na viatu Mombasa ukijiita magodoro ya Nakuru.

#23 NyarDunga
Magodoro mara mbili! Watu wa Nakuru mlikuwa mnalala sana wakati sisi tuko ziwani saa kumi alfajiri.

#24 Flamingo wa Section 58
Baridi ya Menengai huijui wewe. Njoo Julai, utaomba mawili.

#25 Hisa Tulivu
Flamingo amegusa sababu ambayo ni ya kawaida kuliko zote. Januari 2007, siku ile ile Steve Jobs alipoonyesha iPhone, Apple Computer iliondoa neno Computer na ikabaki Apple. Simu na vifaa vya kuchezea muziki havikutosha ndani ya neno kompyuta. Research In Motion ya Kanada walikuja kuitwa BlackBerry 2013, kwa sababu watu walijua simu na hawakujua kampuni. Facebook ilikuwa na shida ya Flamingo: kampuni yenye Instagram, WhatsApp na miwani, lakini jina lake ni la bidhaa moja tu. Kila Facebook ikitukanwa, WhatsApp inatukanwa nayo.

#26 Jicho la Menengai
Sasa umekuja upande wangu bila kujua. "Kila Facebook ikitukanwa." Hayo ndiyo niliyosema #2.

#27 Hisa Tulivu
Nusu yake nakupa. 2019 walifanya kinyume: walibandika jina Facebook chini ya WhatsApp na Instagram, watu wajue mwenyewe ni nani. Miaka miwili baadaye wakaling'oa na kuweka Meta. Hilo sina maelezo yake yanayoniridhisha. Metavasi peke yake haielezi kwa nini jina lililowekwa kwa fahari 2019 liondolewe 2021.

Ila kama walitaka kulifurahisha soko, walikosa. Tarehe 3 Februari 2022 hisa zao zilishuka asilimia 26 kwa siku moja, zaidi ya dola bilioni 230 zikapotea kwenye thamani ya kampuni. Novemba mwaka huo wakaachisha kazi watu 11,000. Jina halikuzuia chochote.

#28 Mwalimu Kakamega
Nyongeza ya lugha tu. Meta wameitoa kwenye Kigiriki, wakikusudia "kuvuka, kwenda mbele zaidi". Waisraeli wengi wakacheka kwa sababu kwa Kiebrania linasikika kama "amekufa", kwa mwanamke. Pesa zote zile na hakuna aliyeuliza jirani.

#29 Fundi Brashi
Niulize jambo la kazi. Hao X walipoondoa bango la Twitter, ni kweli polisi walisimamisha fundi?

#30 Kijana wa Seva
Kweli. San Francisco, Julai 2023. Walileta mashine ya kunyanyua, wakaanza kung'oa herufi, polisi wakafika kazi ikasimama. Kwa muda jengo likabaki limeandikwa "er" tu. Halafu wakaweka X kubwa ya taa juu ya paa, majirani wakalalamika inawamulika vyumbani, ikashushwa baada ya siku chache.

#31 Fundi Brashi
Herufi huanzi kung'oa mbele. Unafunika bango lote kwa turubai kwanza, unafanya kazi ndani. Mtu asione jina likiwa nusu. Hilo mjomba alinifundisha wiki ya kwanza.

#32 Wakili wa Milimani
Fundi, basi la Facebook litakupendeza zaidi. 2011 walipohamia Menlo Park, California, waliingia kwenye majengo yaliyokuwa ya Sun Microsystems, kampuni kubwa sana zamani, ambayo Oracle iliinunua 2010. Bango la Sun pale langoni hawakulitupa. Waligeuza, mbele wakaweka alama ya kidole gumba, nyuma wakaacha jina la Sun. Ilisemekana ni kwa ajili ya wafanyakazi, wakitoka waone kilichowapata waliotangulia. 2021 mbele pale pakawekwa alama ya Meta.

#33 Fundi Brashi
Nyuma waliacha?

#34 Wakili wa Milimani
Waliacha lionekane, kwa miaka.

#35 NyarDunga
Nimekaa na hili la bango tangu asubuhi, niseme tu. Mama yangu aliuza samaki hapa Dunga miaka mingi, watu walipaita "Kwa Nyar Alego" kwa sababu ametoka Alego. Hakuwahi kuandika popote. 2019 mimi na ndugu yangu tulipanua, tukaweka viti, tukaanza kupeleka samaki Nakuru na Eldoret kwa oda za simu, tukapaita "Upepo wa Ziwa". Tuliona Nyar Alego ni jina la jiko, haliwezi kwenda Eldoret. Ni sababu ya Flamingo kabisa, jina lilibana.

Biashara haikuanguka. Ilikua. Lakini mpaka leo mteja akipiga simu kutoka mbali anauliza kwanza, "Nyinyi ndio Nyar Alego?" Na mama tangu siku ile haketi mbele. Anakaa jikoni, nyuma ya bango. Hajawahi kusema neno, na mimi sijawahi kumuuliza.

#36 Mama Simu Nax
Muulize, dadangu.

#37 Hisa Tulivu
NyarDunga, pole. Mimi nimekula hapo kabla ya 2019 na baada. Bado nawaelekeza watu Kwa Nyar Alego.

#38 Jicho la Menengai
Mleta uzi, shosho utamwambia nini sasa? Majibu hapa yapo mengi.

#39 Mama Simu Nax
Alipita leo. Nikamwambia wengine wanasema walikimbia aibu, wengine wanasema walitaka nyumba yao, wengine wanasema jina lilikuwa dogo. Akaniambia yote matatu yanaweza kuwa ya mtu mmoja siku moja. Halafu akaniomba nimfutie lile neno Meta pale chini. Nimemwambia siwezi.

#40 NyarDunga
Fundi Brashi, uko? Bango letu ni la mbao, linaning'inia, nyuma yake pametazama jikoni na hapana kitu. Herufi unatoza ngapi?

#41 Fundi Brashi
Nipo. Mbele huwa natoza kwa herufi, nyuma tutaelewana. Jumamosi nina kazi Nyamasaria mpaka saa sita, baada ya hapo nakuja. Mbao iwe imefutwa mafuta ya samaki na ikauke siku mbili, la sivyo rangi itabambuka. Na usimwambie mama kabla. Au mwambie, ili achague rangi mwenyewe. Wewe ndiye unayemjua.